Nyuma ya Duka la Haji

Jumapili, 15 Septemba

Mvua ya kwanza ya msimu imetukuta kanisani wakati wa matoleo, na nusu ya akina mama wakatoka mbio kuanua nguo. Ildefonsa hakutoka. Nikapata nafasi ya kumtazama vizuri, na hapo ndipo nilipoziona pini mbili ubavuni mwa gauni lake.

Daftari hili lilikuwa la mwanafunzi aliyehama. Kurasa tatu za mwanzo zina hesabu za sehemu, zote kakosa. Mimi naanzia ya nne, maana nina jambo ambalo siwezi kumwambia mtu. Mimi Wiston Nduwayo, mwalimu wa darasa la tano, umri hamsini na mbili, uzito kilo tisini na tisa, mtu ambaye Kirushya nzima inamjua kwa utani, nina wivu. Miaka ishirini na sita ya ndoa, magauni ya mke wangu yamekuwa yakiongezwa vipande ubavuni. Leo la kanisani limebanwa kwa pini. Anapungua. Anampungukia nani?

Jumatano, 18 Septemba

Ildefonsa kaenda sokoni Ngara na ndizi, kama kila Jumatano na Jumamosi. Saa nane soko huwa limelala. Yeye karudi saa kumi na mbili, uso unang'aa kama kapakwa mafuta.

"Umechelewa, Mama Teddy."

"Nilipita dukani kwa Haji."

Haji anauza vifaa vya ujenzi: saruji, misumari, nondo. Sisi hatujengi.

Jumamosi, 21 Septemba

Saa kumi na mbili na robo. Haji tena.

Jumapili, 29 Septemba

Huyo Haji sijawahi kumwona ila kwa mbali, akiwa juu ya lori anapokea saruji. Ni wa zile familia zilizokuja toka pwani zamani kufanya biashara mjini. Kwa mbali ana mabega. Nimejitazama kwenye kioo cha kabati. Mabega ninayo, ila kitambi kimeyatangulia kiasi kwamba hakuna anayefika kuyaona.

Nimeamua. Kama mke wangu anapenda watu wa vyuma, atakuta chuma nyumbani.

Nimefanya kama nifanyavyo kila mwanzo wa muhula: nimechukua rula nikachora azimio la kazi. Mada kuu: kitambi. Mada ndogo: kukiondoa. Malengo mahususi: ifikapo mwisho wa muhula, mwalimu aweze kufunga mkanda tundu la tatu. Zana: debe la mchanga. Vipindi: Jumatatu hadi Jumamosi, mwili mzima, kuchuchumaa na debe mara hamsini, kulisukuma juu mara thelathini. Tathmini: kila Ijumaa. Chakula cha jioni kimefutwa, badala yake chai ya rangi.

Debe moja la maharage ni kilo ishirini. Hilo kila mtu wa hapa analijua, tumepima maharage tangu utotoni. Kwa hiyo debe la mchanga, kilo ishirini. Nimeandika kwa wino.

Jumatatu, 30 Septemba

Kipindi cha kwanza. Mara sita. Bila shaka ni ugeni.

Alhamisi, 3 Oktoba

Mkono haupandi. Leo nimeandika somo zima chini ya ubao, usawa wa kiuno. Mwalimu mkuu wetu, Adelfina, kapita dirishani, kasimama.

"Mwalimu Nduwayo, ubao umepanda au wewe ndiye umeshuka?"

Nikamwambia nafundisha kwa unyenyekevu. Darasa likacheka, yeye akacheka. Nikacheka na mimi, ikaniuma mbavuni.

Ijumaa, 4 Oktoba

Tathmini ya wiki: nimeongezeka kilo moja. Kila usiku saa nne, baada ya chai ya rangi, nimekuwa nikiamka kula ugali baridi jikoni. Hilo halikuwemo kwenye azimio.

Jumamosi, 12 Oktoba

Leo nimekwenda Ngara kupeleleza. Nimelipa bodaboda, nikateremka kabla ya kona, nikakaa mgahawa unaotazamana na duka la Haji, nikaagiza chai. Aliyekaa kwenye kiti mbele ya duka, akihesabu misumari, alikuwa Haji mwenyewe. Nikaomba niongezwe chai ili nipate kumtazama vizuri. Jamani! Kumbe ni mtu wa kitambi kunishinda. Chake kimelala juu ya mapaja kama mtoto aliyesinzia. Hayo mabega niliyoyaona yalikuwa ya koti.

Nilikuwa na furaha kwa muda wa kikombe kimoja.

Kisha nikasikia kicheko kikitokea nyuma ya duka. Kicheko cha Ildefonsa. Nakijua, ingawa kwangu hakijaja siku nyingi: huanza chini kooni, kikipanda kinakatika katikati anavuta pumzi, kinaanza upya. Nikavuka barabara, nikamwambia Haji natafuta misumari ya inchi nne, nikazunguka rundo la saruji nikachungulia uani.

Wanawake sita. Katikati yao dada mmoja mrefu, mtandio kaufunga kiunoni, anaamrisha.

"Mgongo, Mama Teddy, mgongo! Kifua mbele, kama unamwonyesha mtu mkufu wako mpya! Haya, nne... tano... usiniangushie chuma, hicho kina bei kuliko mume."

Mke wangu, mama wa kwaya, alikuwa ameshika nondo yenye makopo ya zege ncha zote mbili, anainuka nayo toka chini. Mikono yake! Sijui tangu lini ana mikono ile.

Yule dada akaniona. "Karibu, shemeji. Au unahesabu mifuko ya saruji?"

Ndiye Mwanaheri, mdogo wake Haji. Alikuwa akifundisha michezo chuoni Tanga, karudi kumuuguza mama yao, Bi Mwatumu, na uani hapo kaanzisha jimu ya akina mama. Nikatafuta la kusema. Nikamwambia mimi pia ninanyanyua, kila siku, debe zima, na usiku sili.

"Kila siku?" akasema. "Na misuli inajengeka saa ngapi, shemeji? Hujengeka ukiwa umepumzika. Hawa wangu ni siku tatu tu, mbili hapa, moja nyumbani, katikati wanapumzika. Mazoezi matano: kuchuchumaa, kuinua toka chini, kusukuma, kuvuta, kutembea na mzigo. Raundi tatu tatu, mara nane mpaka kumi na mbili. Mtu akifika kumi na mbili mgongo haujapinda, ndiyo namwongezea kopo. Na kula wanakula. Wanapunguza ugali na ndizi, wanaongeza maharage, dagaa, yai. Ukijinyima chakula bila kunyanyua, mwili unajila nyama zake, mafuta yanabaki yanakucheka. Ukinyanyua unauambia: nyama hizi nina kazi nazo, wewe kale kule kwingine."

Kaongea vizuri, siwezi kukataa. Kiswahili kinamtoka kama maji ya bomba, sisi wengine tunachota kisimani.

"Debe la nini hilo?" akauliza.

"La mchanga. Kilo ishirini."

Wote sita wakacheka. "Debe ni chombo, Mwalimu," akasema Mwanaheri. "Mizani ni kitu kingine. Mchanga huo si chini ya kilo thelathini. Ndiyo maana shingo imepinda."

Ildefonsa naye alicheka, ila hakunitazama. Alikuwa ameinama anaandika kitu kwenye kidaftari chenye jalada jekundu. Niliposogea akakifunga. Mwanaheri akakipokea, akakisoma, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akamrudishia.

Njiani kurudi nikamuuliza Ildefonsa kisa cha mazoezi. "Nimechoka kuhema nikipanda mlima," akasema. Basi.

Nilikwenda nikiwa na wivu wa mwanamume. Nimerudi na wivu wa kidaftari. Wa kwanza ulikuwa na nafuu, mwanamume unaweza kumkuta ana kitambi.

Jumapili, 27 Oktoba

Mvua siku ya sita. Maharage yametoa maua.

Baada ya misa jirani yetu Ndikuriyo kanishika bega mbele za watu. "Mwalimu, mama anakwisha! Unamlisha chaki?" Nikamjibu chaki zimepanda bei, siku hizi tunalamba ubao. Wakacheka sana. Ila jioni Kezia, mkewe Ndikuriyo, akaleta mayai kumi ya "mgonjwa wetu". Huku kwetu mke hanenepi kwa hiari yake, anaunenepea ukoo wa mume. Akikonda, kuna kesi.

Ildefonsa kayapokea mayai, kashukuru, kachemsha mawili, kala yeye mwenyewe.

Jumatano, 6 Novemba

Saa kumi na mbili na nusu. Karudi anaimba.

Jumapili, 10 Novemba

Sijui nianzie wapi. Naanzia kwenye kuku.

Saa tano asubuhi kaingia shemeji yangu Bigirimana, kaka mkubwa wa Ildefonsa, amevaa koti licha ya matope, nyuma yake wazee wawili wa ukoo wao na jogoo amefungwa miguu. Jogoo akija na wazee, si zawadi, ni ufunguzi wa kikao. Ndikuriyo alikuwa kwangu tayari, nikamwomba abaki upande wangu. Ildefonsa akaleta viti, akaleta pombe ya ndizi, akakaa kwenye mkeka karibu na mlango.

Bigirimana akanywa, akafuta mdomo.

"Shemeji, sisi hatukuja kwa ugomvi. Tulikupa dada mwenye mwili. Siku ile ya kumtoa, bibi zetu walipiga vigelegele kwa mwili ule. Sasa tunasikia huko sokoni, tumeona na kanisani. Unaturudishia mifupa. Tunauliza tu: kuna njaa humu, kuna ugonjwa, au kuna fimbo?"

Swali la haki. Nilikuwa na majibu mengi ya kweli. Ningesema: sijui, muulizeni. Ningesema: ananyanyua vyuma na akina mama wenzake, na anapendeza. Lakini wote walikuwa wamenitazama kwa ile sura ninayoijua, sura ya watu wanaongoja kucheka. Na moyoni nilikuwa na kile kicheko cha uani, na kile kidaftari chekundu. Nikafungua mdomo.

"Shemeji," nikasema, "usinidai mimi yote. Robo ya dada yako iko mjini, nyuma ya duka la Haji. Kaidai huko."

Ndikuriyo alicheka hadi akamwaga pombe. Mzee mmoja akacheka. Kisha yule mzee wa pili akauliza polepole, "Haji yupi?" na kicheko kikafa chumba kizima kama taa iliyokatika.

Nilijua Haji hana hatia. Nilimwona na misumari yake. Nilisema nikijua.

Ildefonsa akaweka sahani ya karanga chini. Hakupandisha sauti.

"Kaka, nina sukari. Nilipima Biharamulo, nilipokwenda kwa dada yetu Francisca mwezi wa nane. Daktari kasema iko mlangoni, haijaingia ndani. Nikipungua kilo kumi, nikajenga misuli, huenda ikarudi ilikotoka. Januari wananipima tena. Wewe unajua mama yetu alivyokwenda, mguu uliokatwa ukitangulia. Mimi sitaki kwenda hivyo. Huko nyuma ya duka kuna dada yake Haji, anatufundisha wanawake sita. Huyu bwana alituona. Anajua."

Bigirimana akatazama sakafu. Ildefonsa akanigeukia.

"Ulitaka kujua kwa nini sikukuambia, Baba Teddy? Ningekuambia Ijumaa, Jumapili kanisani ningekuwa naitwa gunia la sukari."

Hapa ndipo pagumu kuandika. Kabla hajamaliza sentensi, mimi kichwani nilikuwa nimeshafika kwenye gunia la sukari. Nilikuwa nimeshaanza kulitafutia namna ya kulisema.

Wazee wameondoka bila kula. Jogoo wamemwacha, amefungwa bado. Nimemfungua mimi.

Jumatatu, 11 Novemba

Kapika. Kaniwekea. Kala jikoni.

Jumamosi, 16 Novemba

Nimekwenda kwa Mwanaheri kuomba radhi. Habari imenitangulia: maneno yangu yamefika sokoni yakiwa yamenenepa njiani. Bi Mwatumu, mgonjwa hajiwezi, kamwita Haji kitandani kamuuliza kama kachukua mke wa mwalimu. Wanawake wawili waume zao wamewakataza kuja.

"Umekuja kuniomba radhi mimi?" Mwanaheri akasema. "Shemeji, umekosea nyumba. Mimi umenipunguzia wanafunzi, nitapata wengine. Kayafute maneno yako kule ulikoyamwaga."

Nikauliza, kwa sauti ya chini, sukari ya Ildefonsa ilikuwa ngapi.

"Muulize mwenye damu."

Anajua. Bila shaka imo kwenye kile kidaftari chekundu. Mgeni wa miezi mitatu anajua, mimi wa miaka ishirini na sita sijui. Nimerudi kwa miguu mpaka mvua iliponishinda. Francisca anajua. Mwanaheri anajua. Labda hata lile kopo la zege linajua.

Jumapili, 24 Novemba

Nimeomba nafasi wakati wa matangazo. Nikasimama mbele ya kanisa zima nikasema: nilimsingizia Haji, mtu mwema, nilimtania mke wangu juu ya jambo lisilotaniwa, yeye anafanya mazoezi kwa afya yake na wenzake wanawake, makosa ni yangu.

Wakacheka.

Kanisa zima. Walidhani natengeneza njia ya utani, wakaanza kucheka mapema ili wasichelewe. Nikarudia. Wakazidi. Ndikuriyo alikuwa anajifuta machozi. Nikarudia mara ya tatu nikiwa nimeshika ukingo wa benchi, na sauti ikanikatika, ndipo wakanyamaza, mmoja mmoja, na Kezia akampiga mumewe kiwiko.

Kwenye safu ya kwaya Ildefonsa alikuwa ameangalia kitabu cha nyimbo. Hakufungua ukurasa muda wote ule. Jioni kala mezani.

Jumatano, 4 Desemba

Maharage yanavunwa. Mvua haijui kama tunavuna. Barabara ya mjini imekuwa tope, bodaboda wamegoma kupanda. Ildefonsa hajaenda kwa Haji wiki ya pili.

Asubuhi nilimwona nyuma ya jikoni anajaribu kuchuchumaa na dumu la maji. Kafanya mara nne, kaliweka, kakaa juu yake, kashika kichwa. Januari inakuja. Ningeweza kusogea. Nimebaki nimesimama migombani kama mwizi, nalionea wivu dumu, maana ndilo alilolikalia akiwa na shida.

Jumamosi, 14 Desemba

Shule zimefungwa. Leo tulikuwa tunapiga maharage uani, yeye na mimi, fimbo kwa zamu. Akasimama, akajipangusa.

"Baba Teddy, wewe si bingwa wa maazimio?"

Nikasema nilikuwa bingwa.

"Nipangie. Siku tatu, humu humu nyumbani, mpaka Januari. Lakini ya mtu aliyechoka na mavuno, siyo lile lako la wazimu."

Kumbe alilisoma. Lilikuwa chini ya godoro.

Nimefanya kazi kuliko wakati wa mtihani wa taifa. Kwanza nimemwita mnunuzi wa maharage na mizani yake, tukapima kila kitu. Debe langu la mchanga: kilo thelathini na mbili. Dumu la maji: ishirini na moja. Jiwe la kusagia: tisa. Mfuko wa mbegu: kumi na mbili. Nikampigia Mwanaheri simu, nikamsomea orodha, akanielekeza kwa sauti kavu, mwisho ikalainika kidogo.

Jumatatu, Alhamisi na Jumamosi, kabla ya kwenda shamba, dakika arobaini. Kuchuchumaa na mfuko wa mbegu kifuani. Kuinua dumu toka chini. Kusukuma jiwe juu ya kichwa. Kuvuta dumu kwa mkono mmoja, goti kwenye benchi. Mwisho, kutembea hadi mwembeni na kurudi, mzigo kila mkono. Raundi mbili badala ya tatu, maana kupiga maharage nako kunahesabika. Akifika kumi na mbili bila kupinda, tunaongeza kilo mbili za mchanga uliopimwa. Chakula: nusu ya sahani maharage na mboga, robo dagaa au yai, robo ndizi.

Nikampa. Akasoma, akachukua kalamu, akakata mstari mmoja. "Jiwe hapana. Bega la kushoto linanisumbua tangu Teddy azaliwe. Hujui?"

Sikujua. Teddy ana miaka ishirini na mbili.

Jumatatu, 16 Desemba

Mara tisa. Nilikuwa naokota vipande vya kuni karibu. Hakunifukuza.

Alhamisi, 19 Desemba

Kumi. Nimeanza kufanya upande wangu, kilo kumi na mbili, mgongo umenyooka. "Kitako chini, Mwalimu," kasema. Kasema kwa lafudhi ya Mwanaheri kabisa. Nikachuchumaa kwa wivu, nikafika saba.

Jumatano, 25 Desemba

Teddy kaja kutoka chuoni Mwanza. Kamkumbatia mama yake, kamshika mkono wa juu, kapiga kelele. "Mama! Hii misuli?" Mimi kanisalimia shikamoo.

Ijumaa, 10 Januari

Tumeondoka alfajiri kwenda Biharamulo, sisi wawili. Njia nzima alikuwa ameshika mkoba mapajani kwa mikono miwili. Francisca katupokea hospitalini, wakaingia ndani pamoja. Nesi akaniambia, "Baba, ngoja kwenye benchi." Nikangoja. Kwenye benchi tulikuwa wawili, mimi na mzee mmoja aliyesinzia. Mlango ulikuwa wa kijani. Kila ulipofunguka nilisimama, kisha nikakaa.

Walitoka saa saba. Francisca alikuwa analia, na kwa Francisca hilo halina maana, hulia hata kwenye ubatizo. Ildefonsa alikuwa mkavu. Akanipita, akatoka nje kwenye jua, akatoa simu. Nikafuata nimeshika mkoba.

"Mwanaheri? Imerudi. Ndiyo, imerudi chini! Kilo kumi na moja! Wallahi!" Mkatoliki wa tangu ukoo, anaapa wallahi hadharani. Kisha kile kicheko kikaja, kikapanda, kikakatika katikati, kikaanza upya, chote kikaingia kwenye simu. Nilisimama palepale. Wivu ulinipanda mpaka masikioni, na furaha ikaupanda juu, na sikuweza kuzitenganisha.

Akakata simu. Akampungia Francisca, tukatembea hadi stendi, tukakaa kwenye kibaraza cha duka lililofungwa.

"Na wewe nikuambie?" akasema.

"Niambie."

"Yote?"

"Kuanzia mwezi wa nane."

Akaanza. Akanisimulia alivyosikia kiu ile ya ajabu, alivyomdanganya kila mtu kwamba anakwenda kumtazama dada yake tu, alivyoogopa kuvua viatu mbele ya daktari kwa sababu ya mguu wa mama yao. Palikuwa na nafasi kama saba hivi za utani mzuri. Niliziona zote zikija, moja baada ya nyingine. Basi la Ngara lilichelewa saa mbili nzima, na mimi sikutia neno.